Michirizi Miwili Katikati ya Kongo ya Sika

Kwa karibu miaka mitatu nilifanya kazi nikiwa nimefungiwa kwa nje. Siongezi chumvi. Kila asubuhi nilipanda ngazi za ghala la zamani la pamba, pale kando ya mto, nikaingia katika chumba cha ghorofa ya tatu, na sentineli, mlinzi wetu, akafunga mlango wa chuma nyuma yangu kwa kufuli. Jioni alikuja kufungua. Katikati ya asubuhi na jioni nilikuwa na meza, mashine mbili za kompyuta, betri za sola, ndoo yenye kifuniko nyuma ya pazia, na kamera.

Kufuli lilikuwa la kamera, si langu. Ilikuwa imeazimwa kutoka ng'ambo kwa ajili ya mradi wa kupima magugu ya mtoni, na karatasi za kuiazima zilisema isiachwe kamwe nyuma ya mlango ulio wazi. Shefu wetu, mwalimu wa chuo kikuu aliyekuwa na kazi nyingine Yangambi na mara nyingi alikuwa huko, alizielewa karatasi hizo kwa namna yake. Alisema wezi wakija na mimi nina ufunguo, watanilazimisha kufungua. Nikiwa sina, hawana la kunifanya. Nilimuuliza kuhusu moto. Alinionyesha kizima moto ukutani, akasema sentineli yuko chini siku zote.

Baba yangu, mfanyabiashara aliyetoka Butembo kwa lori kabla sijazaliwa na ambaye mpaka leo anauza sabuni na vitenge kwa jumla, ndiye aliyenisomesha fizikia. Nilipomwambia kuhusu kufuli aliuliza ninajisaidia wapi. Nikamwambia kuhusu ndoo. Hakuuliza tena, lakini tangu siku hiyo hakuwaambia wateja wake kwamba binti yake anafanya kazi ya sayansi, jambo ambalo mwanzoni alilitangaza hata baada ya misa.

Nilikubali kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Wenzangu tuliosoma pamoja walikuwa wanauza vocha za simu au wanaendesha pikipiki. Barua zangu za kuomba kusoma nje zilirudi na majibu ya adabu. Barabara ya mashariki ilimeza malori, mto ulitaka wiki na wiki kukufikisha mahali, na ndege ilikuwa ya watu wengine. Mtu akiniuliza kwa nini nilikaa mule, hilo ndilo jibu langu, na sijui kama linanitosha hata mimi mwenyewe.

Kuhusu kamera yenyewe, nitaeleza kidogo tu. Kamera ya kawaida inaona kama jicho. Hii iliigawa nuru katika rangi zaidi ya mia, nyingine jicho halizijui, na ikapiga kila rangi picha yake peke yake, moja baada ya nyingine. Kumaliza zote ilichukua karibu dakika nzima. Ukiziweka picha hizo zote moja juu ya nyingine, unaweza kuuliza kila nukta ya mto: wewe ni nini? Maji yana rangi zake. Jani bichi lina zake, jani lililokatwa jana lina nyingine. Ubao, plastiki, mchanga, kila kitu kinajitambulisha.

Shida ni kitu kinachosogea. Mti wa upande wa Lubunga, ukingo wa pili wa mto, umesimama, picha zake zinalingana. Lakini mtumbwi, wakati kamera inapiga rangi ya bluu uko hapa, ikifika kwenye kijani umeshaenda mbele, ikifika kwenye nyekundu uko mbele zaidi. Ukizipanga picha, huoni mtumbwi. Unaona mchirizi wa rangi, kama mafuta ya gari yakimwagika juu ya maji. Mwanzoni michirizi hiyo ilikuwa kero, tuliifuta. Baadaye wafadhili wakataka kujua pia ni mitumbwi mingapi inapita ikiwa imejificha katikati ya gugu lile ambalo sisi tunaliita Kongo ya sika, yaani Kongo mpya. Hapo michirizi ikawa kazi, na kazi hiyo ikawa yangu.

Ilinichukua mwaka mzima, kwa sababu kwenye mto wetu kila kitu kinasogea. Gugu lenyewe linateremka visiwa kwa visiwa, vingine vikubwa kama uwanja wa mpira. Mwishowe nilipata njia: nilitumia gugu kupima mwendo wa maji, kisha nikairudisha kila picha nyuma kwa kiasi hicho hicho. Basi kwenye kioo cha kompyuta gugu likasimama tuli, kama limepandwa bustanini, na kila kilichokwenda kwa nguvu zake chenyewe kikaacha mchirizi. Siku ile nilikula kwanga yangu ya muhogo na samaki nikiwa nimeikodolea macho kompyuta, nikicheka peke yangu.

Shefu alifurahi pia. Alinipa agizo moja tu: michirizi midogo ifutwe yenyewe. Ndege, mawimbi, samaki anayeruka, yote hayo aliyaita takataka. Alitaka mitumbwi. Niliandika mstari mmoja katika programu, na tangu hapo kila kilichokuwa kidogo kuliko mtumbwi hakikunifikia.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya msimu wa mvua, mto umejaa, Kongo ya sika imefunika nusu ya maji. Sentineli alinifuata mpaka mlangoni. Alikuwa mzee mwenye sauti ya chini, ambaye kila jioni alisimama kando ili nipite kwanza. Alisema jirani yake wa Mangobo amefiwa na mke, anataka kwenda kwenye matanga, atarudi saa sita. Aliniuliza kama aache mlango wazi.

Nilifikiri kuhusu shefu, ambaye wakati mwingine alikuja bila kutuambia.

"Funga tu, papa," nikamwambia.

Akafunga. Nilisikia toleka ikisimama chini, sauti ya mzee ikimwambia mwendesha baiskeli mahali pa kwenda, kisha kimya.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeuondoa ule mstari wa kufuta vitu vidogo. Sikuwa na sababu kubwa. Nilikuwa nimechoka na mitumbwi, nikataka kujifunza kutofautisha mchirizi wa ndege na kosa la mashine. Kama saa nne niliona michirizi miwili mifupi ndani ya kisiwa kikubwa cha gugu, karibu katikati ya mto. Mmoja ulikuwa upande wetu, wa pili umetangulia kidogo kuelekea Lubunga. Nilidhani ni korongo weupe. Lakini ndege hakai. Kwenye picha inayofuata ameshaondoka. Hii ilikuwa bado ipo kwenye picha ya pili, na kwenye ya tatu.

Nikaziuliza nukta zile rangi zake. Rangi nilizopata nilizijua, kwa sababu siku za uvivu nilikuwa nimenyoosha mkono wangu mbele ya kamera na kuupiga picha, mkavu na ukiwa umelowa. Ilikuwa ngozi ya mtu iliyolowa maji.

Nilikwenda dirishani nikatazama kwa macho. Sikuona kitu. Kijani tu, kikiteremka polepole.

Nilimpigia sentineli. Simu yake ilikuwa imezimwa. Baadaye nilijua aliiacha kibandani kwa mtu anayechaji simu. Nilimpigia shefu Yangambi, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Nikamwandikia ujumbe. Nikausukuma mlango, ingawa nilijua, nikaupiga mateke. Chini ya dirisha, kivukoni, kulikuwa na akina mama wanauza samaki na wavuvi wanashona nyavu. Niligonga kioo kwa viganja, nikapiga kelele. Hakuna aliyeinua kichwa. Dirisha lilikuwa halifunguki, na kioo chake hakikuwa kioo cha kawaida. Kioo cha kawaida kinazinywa baadhi ya rangi, kwa hiyo kililetwa hicho kutoka ng'ambo ndani ya sanduku lililojaa pamba. Shefu alinionya kuhusu kioo kile kuliko kamera yenyewe.

Nikarudi mezani. Picha ya nne, michirizi miwili. Nakumbuka nilikaa, na nakumbuka aibu ya kukaa. Nilihesabu watu watakaonikasirikia. Kisha nikachukua kizima moto, nikapiga kona ya chini ya kioo, mbali na kamera ili isianguke. Kilivunjika kwa pigo la tatu. Vipande vilinichana mkono kutoka kiwiko mpaka karibu na saa niliyovaa.

Sasa walinisikia. Wakatazama juu wakaona mwanamke kwenye dirisha lililovunjika, damu inamtoka, anapiga mayowe. Wakafanya ambacho mtu yeyote angefanya: wakakimbia kunisaidia. Wavuvi waliacha nyavu, wakapanda ngazi, wakaanza kuuvunja mlango. Wengine chini walinipungia mikono nisiruke. Mimi naonyesha mtoni, wao wananiangalia mimi. Nilipiga kelele kwa Kiswahili na Lingala mpaka sauti ikakwaruza. Si mimi. Mutu iko mu mayi.

Mama mmoja muuza samaki, aliyekuwa amekaa nyuma ya beseni lake wakati wote, hakunitazama. Aliutazama mkono wangu, akafuata ulikoelekea. Akasimama, akaweka mikono kinywani, akaniuliza wangapi. Nikainua vidole viwili. Akageuka akawaita wavuvi waliobaki kwa majina yao, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine, na mitumbwi miwili ikasukumwa majini.

Lakini kutoka majini walikuwa hawaoni chochote. Gugu lilikuwa linasimama juu kuliko kichwa cha mtu anayeogelea. Ikabidi niwaongoze. Nilifungua liputa, kitenge nilichojifunga juu ya sketi, nikaishika. Nilikwenda kwenye kompyuta, nikasubiri picha imalize rangi zake zote, nikaona mchirizi uko wapi na mitumbwi iko wapi, nikakimbia dirishani nikapeperusha liputa kushoto au kulia, nikarudi. Kila mara ni karibu dakika moja ya kusubiri. Nyuma yangu mlango ulikuwa unapigwa kwa nondo. Niliwaza kwamba kama wale wanaouvunja wangekuwa kwenye mitumbwi tungekuwa na mitumbwi minne.

Hapa kuna jambo moja ambalo nimelisema kwa watu wachache. Mitumbwi ilikuwa miwili na michirizi ilikuwa miwili. Ningeweza kutuma mmoja huku na mwingine kule. Niliogopa kwamba wakiachana ndani ya gugu watanipotea, na mimi nina liputa moja na mikono miwili. Nikawapeleka wote kwenye mchirizi wa karibu. Picha iliyofuata, mchirizi wa pili ulikuwa mfupi zaidi. Iliyofuata tena, haukuwepo.

Nikashukuru. Kweli, nilimshukuru Mungu, nikidhani ameshika gogo, au mtumbwi wa Lubunga umemchukua.

Wavuvi walimpata mwanamke. Alikuwa amelala juu ya jerikeni la njano, mikono imefungwa na mizizi ya gugu, na iliwabidi waikate kwa panga kabla ya kumvuta. Niliona mikono yao ikimwinua. Watu wa kivukoni wakapiga makofi. Wakati huo huo mlango uliachia, na chumba ambacho kwa miaka mitatu sikuwahi kukaa na mtu zaidi ya mmoja kikajaa watu ishirini, wanahema, wanakanyaga nyaya, wanauliza moto uko wapi. Kijana mwenye nondo alinifunga mkono kwa shati lake.

Nilishuka nikakimbia ukingoni, nikawaeleza wavuvi mahali mchirizi wa pili ulipokuwa. Walirudi. Waliyachoma yale majani kwa makasia mpaka jua likapita kichwani. Mwanamke alikuwa amelala kwenye turubai, akina mama wamemzunguka, na kila alipopata pumzi alitaja jina moja. Lilikuwa la mdogo wake wa kiume. Walikuwa wanaleta mkaa na ndizi kutoka vijiji vya chini, mto unakoteremkia, gogo lililofichwa na gugu likaupindua mtumbwi wao.

Mwili wake ulipatikana baada ya siku mbili, mto unakoteremkia, upande wa Yanonge.

Nilielewa jioni ile ile, nikiwa nyumbani, mkono umeshonwa, baba amekaa mbele yangu. Kijana yule hakupandishwa na mtumbwi wowote. Aliacha kuogelea. Alipoacha kuogelea alikwenda na maji, sawasawa na gugu, na mimi nilikuwa nimeiambia programu kwamba kila kinachokwenda sawasawa na gugu kimesimama na hakina haja ya kuonyeshwa. Mashine haikumpoteza. Niliifundisha mimi isimwone.

Nilimwambia baba hivyo. Alisema nilale.

Shefu alifika kesho yake. Kwanza aliiangalia kamera. Lakini nisimwonee, baada ya kamera aliuangalia mkono wangu, akauliza ni daktari gani aliyeushona. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeogopa waliomwazima. Aliniomba barua ya maelezo. Niliandika kurasa sita. Akasema iwe ukurasa mmoja, na kwamba habari ya kufungiwa haina ulazima. Nikaandika ukurasa mmoja, na habari ya kufungiwa nikaiweka mstari wa kwanza, na kwamba sentineli aliniuliza na mimi ndiye niliyesema afunge.

Haikumsaidia mzee. Mwisho wa mwezi walimwachisha kazi. Nilikwenda kwake Mangobo. Alinipa kiti, mkewe akaniletea maji, naye mzee akanieleza kwa muda mrefu kuhusu kuku wake waliokuwa na ugonjwa wa macho. Kila nilipofungua kinywa kuomba msamaha aliendelea na kuku. Wakati wa kuondoka alisema tu, "Mutoto yangu, mimi ndiye nilikuwa na funguo." Ningependelea anigombeze.

Mimi waliniomba nibaki, kwa sababu hakuna mwingine aliyeijua programu. Waliweka mlango wa mbao ambao mchana hawaufungi. Ungedhani ningetoka kila saa kupunga upepo. Sikutoka. Nilikaa kwenye kiti kile kile kuanzia asubuhi mpaka jioni, mlango wazi nyuma yangu, na nilifanya jambo ambalo hakuna aliyenituma: nilianza kuzirudia picha za zamani. Siku kwa siku, michirizi yote midogo niliyoifuta. Mingi ilikuwa ndege, nina hakika. Mingine ilikuwa mawimbi. Lakini mingine sikuweza kusema ni nini. Mchirizi mmoja kwenye picha tatu, kisha hakuna. Mwingine kwenye picha mbili. Niliiweka pembeni kwenye faili bila jina, na faili likawa linakua.

Wakati huo huo nilijaribu kuandika programu nyingine, inayotafuta ngozi hata kama haisogei. Wakati mwingine ilifanya kazi. Wakati mwingine ilinionyesha vigogo vilivyobanduka maganda, na nilisogeza uso kwenye kioo mpaka nikaona ni mti. Baba alipanda ngazi zile mara moja tu. Alikaa karibu nami kama saa nzima, kofia mkononi, akitazama ninavyopitisha picha. Kisha akasema pale dukani pana kiti, si lazima niuze kitu, nikae tu kwa muda. Nikamwambia bado. Akasema sawa, akashuka akiwa ameshika ukuta.

Yule mwanamke alikuja miezi kadhaa baadaye. Sikumtambua. Niliyemwona kwenye turubai alikuwa kama hana umri. Aliyesimama mlangoni alikuwa dada mkubwa kidogo kuliko mimi, amevaa vizuri, nywele zimesukwa, mkononi ana samaki wa kukaushwa aliowafunga kwa majani. Alisema akina mama wa kivukoni ndio waliomwonyesha njia. Nilimpa kiti. Alinishukuru kwa maneno ambayo alikuwa ameyaandaa, na mimi nikajibu yanayojibiwa.

Alinisimulia kwamba kijijini kwao, upande wa Isangi, kwenye matanga watu walilia kwa kusimulia jinsi mdogo wake alivyokufa. Wanasema alikuwa ameshaanza kufika ng'ambo ya mto, alijua kuogelea kuliko wote, lakini aliposikia dada analia akageuka, akarudi kumfuata, na ndipo nguvu zikamwishia. Mchungaji aliihubiri. Mama yao anaitegemea. Kila mtu anamwambia: aishi vizuri, kwa sababu kuna mtu alikufa kwa ajili yake. Alisema amesikia kwamba mashine yangu ilimwona mdogo wake. Aliomba aione hiyo picha.

Picha hazikuwa za kuonyesha watu wa nje. Shefu alishaniambia mara nyingi. Nilizifungua.

Nilimwonyesha maji, nikamwonyesha gugu lililosimama, nikamwonyesha michirizi miwili. Nilimweleza kwamba huu ni yeye na ule ni mdogo wake. Aliutazama ule wa pili kwa muda mrefu. Ulikuwa mdogo sana kwenye kioo, kama ukucha wa kidole kidogo.

"Hapa alikuwa anaogelea bado?"

"Ndiyo."

"Alikuwa anaenda upande gani?"

Niliogopa swali hilo kabla halijatoka. Mchirizi una kichwa na mkia. Kamera inaanza na bluu na kumaliza na nyekundu, kwa hiyo upande wa bluu ndiko mtu alikokuwa na upande wa nyekundu ndiko alikokuwa anakwenda. Nilikuwa nimeuangalia mchirizi ule mara nyingi kuliko kitu chochote maishani mwangu, na jibu nilikuwa nalo muda wote bila kujua kwamba kuna kijiji kizima kilichosimama juu ya jibu lingine. Nyekundu ilikuwa upande wa Lubunga, kwenye kila picha mpaka ile ya mwisho. Hakugeuka.

Ningeweza kusema mashine haionyeshi upande. Asingejua kamwe. Niliufikiria uongo huo, ukawa mzuri, na ulinifikia mpaka mdomoni. Nilimwona pia akilini mama yake, ambaye simjui, na yule mchungaji. Nikatafuta mahali pa kupitia sikupata; kila neno lilikuwa na mtu nyuma yake wa kuumia. Mwishowe nilimwonyesha kwa kidole.

"Upande wa Lubunga," nikasema. "Tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakurudi."

Hakulia. Alivuta pumzi kwa pua, akaiweka mikono yake mapajani.

"Ni mimi nilimutuma," akasema. "Nilikuwa na jerikeni, yeye hakuwa na kitu. Nilimwambia aende, asinitazame. Nilimutukana mpaka akaenda." Akautazama tena ule mchirizi mdogo. "Watu waliposema alirudi, nilijua ni juu ya kilio yangu. Kwa sababu nyuma, alipokwisha kuenda, nililia. Nilishindwa kujizuia, nikalia."

Nilimsogezea kioo cha kompyuta karibu.

"Bon," akasema baadaye, kama mtu anayezungumza na mwingine. "Kumbe alinisikia. Alienda tu."

Aliomba nimwonyeshe tena tangu picha ya kwanza. Nilimwonyesha. Mara ya tatu aliweka kidole kwenye kompyuta katikati ya michirizi miwili, akapima nafasi iliyokuwapo, na kwenye picha iliyofuata akapima tena, na ilikuwa imeongezeka, na akatikisa kichwa kukubali. Nilimweleza kwamba niliwatuma wavuvi wote kwake, kwamba ningeweza kuwagawa. Nilikuwa nimebeba maneno hayo miezi yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amenisamehe wala hakusema hakuna cha kusamehe. Aliniuliza kama mkono bado unauma wakati wa mvua. Nikasema kidogo.

Alipokuwa anaondoka aliuliza kama ninaweza kuzifuta picha zile. Nikamwambia ukweli, kwamba nakala zilishakwenda ng'ambo na ziko ndani ya ripoti ya shefu, ambako zinaonyeshwa kama mfano wa kitu kidogo kilichopatikana katikati ya majani. Alifikiri kidogo. Akasema basi zibaki huko, watu wa huko hawamjui. Lakini nisimwambie mtu wa upande wa Isangi.

"Kule waache na yao," alisema. "Mama ameizoea."

Nilimsindikiza mpaka kivukoni. Tangu siku ile ya kioo, ilikuwa mara yangu ya kwanza kushuka mchana katikati ya kazi, na jua lilinipiga machoni mpaka nikasimama. Mtumbwi wa kwenda chini ulikuwa unapakia magunia ya chumvi na godoro moja kubwa, abiria wanabishana nani akae mbele. Alivua viatu, akaviingiza kwenye mfuko wa plastiki, akapanda bila kushikwa mkono na mtu. Akakaa katikati, kwenye ubao, pembeni ya lile godoro. Kamba ilikuwa bado imefungwa ukingoni na injini bado haijawashwa, lakini tayari alikuwa ameushika mtumbwi kwa mikono yote miwili.